Karatasi Yenye Ukakasi

Kuna watu ambao viti havijawahi kuwafaidi, na Mama Gundi ni mmoja wao. Chai anakunywa wima, mkono mmoja kiunoni. Simu anaongea huku anazunguka meza. Katika karakana yake ya kushonea madaftari, chumba kimoja kilichoungana na nyumba kwa mlango wa nyuma, kuna stuli tatu, na zote zimebebeshwa marundo ya karatasi tangu siku ziliponunuliwa. Ukiingia mle umechoka, pole yako, utaegemea ukuta.

Jina hilo alipewa na wateja, na hakulikataa. Miaka thelathini na minane ya gundi, uzi wenye nta na kile kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi imezifanya ncha za vidole vyake kuwa ngumu kama kisigino. Haziwezi tena kuijua karatasi. Ndiyo maana yeye anachagua kwa shavu. Anachukua karatasi, anafumba macho, anaipitisha taratibu kutoka sikioni mpaka kidevuni, halafu anatoa hukumu: hii inafaa, hii kafungieni vitumbua. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani mama wa watu amepata barua ya msiba.

Mumewe anaitwa Karani. Kila mtu anamwita hivyo, hata mkewe, hata watoto wao wakimsengenya. Alikuwa karani wa mahakama, na enzi hizo mashauri yaliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya nibu, ile ya kujazwa wino kutoka kwenye kichupa. Mama Gundi wakati huo alikuwa msichana kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yake kushona majalada ya mahakama yaliyoletwa kwa mafungu. Basi siku moja akafungua fungu, akaona mwandiko. Jamani, mwandiko! Herufi zimekaa kwenye mstari kama watu wenye adabu, na kila k imesimama wima, mgongo umenyooka, mguu mmoja mbele. Miezi minne alishona kurasa za mtu asiyemjua huku moyo ukimdunda. Alipomwona mwenyewe, mfupi, kipara kimeshaanza kupiga hodi, alishtuka kidogo, lakini alikuwa ameshachelewa. Kumpenda alikuwa amempenda.

Mwaka jana, asubuhi moja, Karani akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, na kwa hilo Mama Gundi alishukuru mpaka machozi yakamwishia. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Kilichobaki kinywani ni sauti moja tu, "aa". Kusikia anasikia, kuelewa anaelewa. Ila ukimwuliza swali, kichwa kinatikisika huku na huku, ndiyo na hapana zimechanganyikana kama uzi uliochezewa na paka, na yeye mwenyewe anaona kuwa kimekataa kumtii. Anaishia kufumba macho.

Miezi ikapita, mkono wa kulia ukaanza kurudi kidogo kidogo. Mama wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija nyumbani kila Jumanne, akasema ajaribishwe kuandika. Kalamu ya kawaida ikamshinda, kwa sababu ile inataka kukandamizwa, na mkono wake haukuwa na nguvu ya kumkandamiza hata sisimizi. Ndipo Mama Gundi akaikumbuka kalamu ya nibu. Ile haiombi nguvu. Iguse tu karatasi, wino unashuka wenyewe. Akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaijaza, akamwekea Karani mkononi, na mbele yake akaweka daftari bora kuliko yote aliyowahi kushona.

Na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Madaftari ya Mama Gundi yanasifika kwa ulaini. Watu wanatoka mbali kuyafuata. Nibu ilipogusa ile karatasi iliteleza kama mguu wenye sabuni kwenye sakafu ya bafu. Karani akahangaika, ulimi nje, jasho kwenye kipara, na baada ya dakika nzima kulikuwa na neno moja kwenye ukurasa. Mwisho wake ulisomeka vizuri tu: a, a. Herufi ya kwanza ilikuwa imekimbia. Ilikuwa mstari uliopanda, ukajikunja, ukaishia pembeni kama mnyoo.

"Taa," akasema binti yao, aliyekuja mwisho wa juma kumwona baba. "Mama, baba anasema taa. Mwanga hautoshi hapa, angalia mwenyewe."

Wakanunua balbu kubwa. Karani akakaa chini yake amekunja uso kama mtuhumiwa. Jioni yake akaandika neno lilelile.

"Mimi nilisema tangu mwanzo ni saa," akasema Mama Gundi, ingawa hakuwa amesema. "Mtu wa ofisi huyu, miaka yote ameishi kwa saa." Akatia betri mpya kwenye saa ya ukutani, akaihamisha ikamkabili mumewe uso kwa uso, akamvalisha na ya mkononi. Tangu siku hiyo, kila Karani akishika kalamu, Mama Gundi anapiga kelele kutoka karakana: "Saa kumi na moja na robo, Karani! Bado mapema!" Karani anafumba macho.

Akaja shemeji, mdogo wake Karani, fundi wa kujitegemea na mtu wa maneno mengi. Akalitazama lile neno, akalipindua daftari, akalirudisha.

"Shemeji, wewe kushona unajua, kusoma hujui. Hii ni paa. Kaka anakwambia paa linavuja."

"Paa halivuji."

"Umepanda ukaangalia?"

Akapanda yeye. Na kweli akakuta misumari miwili imelegea, akaigongelea, akashuka anajitapa mtaa mzima kwamba yeye na kaka yake hata bila maneno wanaelewana. Jioni Karani akaandika neno lilelile.

Isitoshe, alikuwa na jambo jingine. Kwa mkono wa kushoto, ule mzima, alikuwa akiupigapiga mto wa kochi pale pembeni yake. Mama Gundi akautoa, akaukung'uta, akauanika juani. Kesho yake Karani akaupigapiga tena. Mama Gundi akabadilisha foronya. Keshokutwa akaupigapiga tena, sasa kwa nguvu, na Mama Gundi akamwambia kwa upole, "Karani mume wangu, huu mto sasa ni msafi kuliko mimi."

Yangeendelea hivyo, na sisi majirani tungeendelea kucheka pembeni, lakini Karani alianza kufa moyo. Mwanzoni alikuwa akiomba kalamu mara tano kwa siku. Ikawa mara mbili. Ikawa mara moja, tena kwa kubembelezwa. Jumanne moja mama wa mazoezi alimvuta Mama Gundi mlangoni.

"Mama, nikwambie ukweli. Huu mkono umefika mahali pazuri. Lakini akiacha kujaribu, utalala, na ukilala safari hii sijui kama utaamka. Mtafutie namna ya kufaulu, hata kidogo. Mtu hawezi kushindwa kila siku akaendelea kutaka."

Mama Gundi aliitikia, akamsindikiza, kisha akaenda jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike akilia. Mtu aliyeandika kesi za watu wote, maneno yao yote, matusi yao, viapo vyao, leo ana neno moja tu la kwake na hakuna anayelisoma.

Wiki hiyohiyo, Karani akiwa anasukumana na kalamu, daftari likateleza mapajani. Nibu ikaruka ukurasa na kuangukia kwenye jalada, lile boksi la kahawia lisilopakwa kitu. Ikachora mstari mmoja, mfupi. Mama Gundi aliyekuwa akipita na bakuli akasimama. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Hee," akasema. Akaweka bakuli chini. Akapitisha shavu kwenye lile jalada. "Kumbe si mkono, Karani. Si mkono wako kabisa! Ni karatasi yangu!"

Asubuhi yake alikuwa kwa muuza karatasi, mtu mnene mwenye stoo ndefu, ambaye humwogopa Mama Gundi kidogo kwa sababu humrudishia mizigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka karatasi yenye ukakasi."

"Ukakasi? Ule wa ndizi mbichi?"

"Huohuo. Ila kidogo. Sitaki msasa."

Muuza karatasi akajikuna. "Mama, mimi watu wananirudishia karatasi kwa sababu ya ukakasi. Wewe mwenyewe uliwahi kunirudishia. Ya kazi gani?"

"Ya kalamu ya wino."

"Na kalamu ipi haina wino, mama yangu?"

Mama Gundi akafungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso akatoa kalamu ya Karani. Muuza karatasi alipoiona nibu akaenda kuleta ngazi.

Walikaa mle mpaka mchana, yaani muuza karatasi ndiye aliyekaa. Karatasi ya kwanza ilikuwa na ukakasi wa kutosha, lakini ilikunywa wino kwa pupa, herufi zikaota mizizi pande zote. Ya pili haikuota mizizi, ila wino ulitokea nyuma kama jasho kwenye shati. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa macho, na shavu likaikataa palepale, laini mno. Muuza karatasi akaleta ya nne, ya tano, akaanza kuhema. Ndipo kule juu kabisa, nyuma ya maboksi, akapata bunda moja lenye vumbi, karatasi za rangi ya maziwa yaliyokaa, nzito kiasi.

"Hizi nimekata tamaa nazo. Kila mtu anasema zinakwaruza."

Mama Gundi akapiga mstari. Krrr, ikasema nibu. Wino ukabaki pale ulipowekwa, kingo zake safi, nyuma hakuna kitu. Akacheka peke yake kama mwehu. Akalibeba bunda zima kichwani, akakataa kusaidiwa.

Alishona daftari jioni ileile. Asubuhi akamwekea Karani mapajani, akamfungulia kalamu, akasimama nyuma ya kochi ameshika pumzi.

Nibu ikateleza.

Si sana kama mwanzo, lakini iliteleza. Herufi ya kwanza ikapanda, ikayumba, ikajikunja. Karani akaitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akachukua kifuniko kwa mkono wa kushoto, akakirudisha kwenye kalamu taratibu mpaka kikalia tik, akainyoosha kalamu kwa mkewe kama mtu anayekabidhi ofisi. Akageuza uso dirishani.

"Karani," akasema Mama Gundi. "Baba watoto."

Hakugeuka.

Siku nne kalamu ilikaa kwenye mfuko wa aproni ya Mama Gundi. Siku nne Karani hakuupigapiga hata ule mto. Jumanne ilipofika alimwachia mama wa mazoezi mkono kama mtu anayeacha mwavuli mlangoni, afanye nao atakavyo.

Mama Gundi akarudi kazini kwa sababu kazi ndiyo kitu pekee alichojua kukifanya akiwa na huzuni. Alikuwa anarudisha zile karatasi kwenye bunda, moja moja, hana haraka, pale upepo wa mlangoni ulipoinua moja na kumpiga nayo usoni. Akaikamata ikiwa bado shavuni. Akaganda.

Akaigeuza. Akapitisha upande wa kwanza. Akapitisha wa pili.

Karatasi yoyote ya kiwandani ina uso na mgongo, mshonaji gani hajui hilo? Upande mmoja hulalia wavu wa mashine ikiwa bado uji, ule mwingine hutazama juu, na pande hizo mbili hazifanani. Na Mama Gundi, kwa mazoea ya miaka thelathini na minane, bila hata kufikiri, alikuwa amekunja karatasi zote kama anavyokunja siku zote, ule upande mzuri, ule laini, ndio umkaribishe mtu anapofungua. Ukakasi aliouonja stoo ulikuwa wa mgongo. Mumewe alikuwa amewekewa uso.

"Mjinga mkubwa mimi!" akasema kwa sauti, peke yake katikati ya chumba. "Nimempa mume wangu upande wa wageni!"

Sasa kugeuza tu kusingetosha, kwa sababu ukigeuza kurasa hizi, zinazofuata zinakuwa laini, na Karani akifaulu ukurasa mmoja halafu ateleze unaofuata, hatajaribu tena. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Basi akafanya kitu ambacho hakuna mshonaji mwenye akili timamu angekifanya. Akachukua karatasi mbilimbili, akazigundisha uso kwa uso, ulaini wote ukafichwa ndani, ukakasi wote nje. Gundi nyepesi kama uji wa mtoto, brashi mkono mmoja, akivuta kutoka katikati kwenda pembeni ili zisijikunje. Karatasi themanini. Akazibana kati ya mbao mbili, juu akapanga matofali, na juu ya matofali akaweka mashine ya kushonea. Siku mbili hakuzigusa, ingawa kila alipopita alizisemesha.

Daftari lilipotoka lilikuwa nene, zito, sura yake ya kawaida kabisa. Akapitisha shavuni kila ukurasa, mbele na nyuma, kurasa zote.

Lakini Karani hakutaka kuliona. Alipowekewa mapajani alitazama dirisha. Mama Gundi hakubembeleza. Ameishi na mtu huyu muda mrefu, anajua kamba zake zote zimefungwa wapi. Akafungua kalamu, akailaza juu ya ukurasa bila kifuniko, kifuniko akakitia mfukoni, akaenda zake mwisho wa sebule kukunja nguo.

Wewe hujui kalamu ya nibu ikiachwa wazi inakuwaje. Wino unakauka kwenye ncha, nibu inaziba, na kuizibua ni kazi ya nusu siku. Karani alijua. Miaka arobaini kasoro mmoja aliwafokea makarani wadogo kwa kosa hilohilo. Akavumilia dirisha dakika moja. Akavumilia ya pili. Akaitazama nibu kwa pembe ya jicho. Mama Gundi, mgongo amempa, alikunja shati lilelile mara tatu.

Kisha akasikia. Krrr.

Hakugeuka. Krr, krrr. Sauti ndogo, kavu, yenye mwendo. Sauti aliyoisikia mara ya mwisho mwaka jana, mtu akiandika orodha ya sokoni. Aliuma pindo la shati ili asipige kelele. Krr. Kimya.

"Aa," akasema Karani.

Mama Gundi akaja, miguu haigusi chini. Kwenye ukurasa kulikuwa na neno moja. Lilikuwa limetetemeka, lilikuwa kubwa kama la mtoto wa darasa la kwanza, lakini herufi ya kwanza haikuwa imekimbia kokote. Ilisimama wima, mgongo umenyooka, mguu mmoja mbele. Angeitambua popote duniani. Si t, si s, si p.

"Kaa!" akasoma, machozi tayari yanamtoka. "Ni kaa! Kaa, Karani!" Na palepale akageuka kwenda jikoni. "Unasikia baridi, kumbe! Miezi yote hii mtu anaomba kaa la moto, sisi tunapanda juu ya paa! Ngoja, ngoja nikuwashie jiko, dakika moja tu, nikuletee..."

"AA!"

Akasimama. Karani alikuwa anamtazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazama nayo mashahidi walioulizwa jina wakajibu umri. Akaurudisha mkono kwenye karatasi. Mama Gundi akarudi, akasimama juu yake, akaona herufi zikija moja baada ya nyingine, polepole, kila moja ikishikiliwa na ukakasi wa karatasi isianguke.

Kaa wewe.

Na mkono wa kushoto ukaupigapiga mto, pembeni yake, pale palipokuwa patupu.

Mama Gundi akautazama ule mto. Akaukumbuka alivyoukung'uta. Akakumbuka foronya. Akakumbuka saa kumi na moja na robo alizozipigia kelele kutoka chumba cha pili, kila siku, akidhani anamjibu.

Akakaa.

Kochi lilimshangaa. Karani akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka, akaegemeza kichwa chake chenye kipara kwenye bega la mkewe, na kalamu ikamponyoka ikatia doa la wino kwenye aproni. Mama Gundi alikitoa kifuniko mfukoni, akaifunika kalamu, akaishika.

"Ni hilo tu?" akauliza. "Miezi yote hii, ni hilo tu ulilotaka kuniambia?"

Kichwa kikatikisika, ndiyo na hapana safari moja, na kwa mara ya kwanza wote wawili wakacheka.

Kule karakana alikuwa ameacha kopo la gundi wazi, brashi imo ndani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aanze kazi. Alikumbuka. Gundi ikakauka, na brashi yake, na hakuinuka.